Neno Nililomwandikia Mama Ebuela

Baraka, Jumapili alasiri

Kwa binti yangu Mwavita,

Salamu zangu zikutangulie njiani, nazo zikukute mzima na lori likiwa zima. Nimezoea kufungua barua kwa maneno "Mimi niliyetajwa hapo chini, kwa unyenyekevu mkubwa", na leo mkono ulikwisha kuyaandika kabla sijauzuia. Nimeikunja karatasi ile, nimeanza nyingine. Wewe si ofisi.

Mama yako amepita mlangoni mara mbili. Mara ya pili alisimama na sahani ya sombe ya majani ya muhogo mkononi, akasema, "Baba Mwavita, mutoto anaenda masomo, haendi tribinali. Barua ya nini?"

Nikamjibu kwamba naandika mambo ambayo kinywa hakijui kuyapanga.

"Kinywa yako," akasema, "inajua kupanga mambo ya batu bote ba Baraka. Ya nyumba hii tu ndiyo inaishinda." Akaenda zake jikoni.

Basi mambo ya nguo, ya kuchemsha maji, na ya namna ya kusali katikati ya masista, atakuambia yeye. Mimi nina jambo moja.

Jumanne ulirudi kutoka ziwani na ndoo kichwani, ukaniuliza kabla hujaitua, "Baba, banasema ni weye uliandika Mama Ebuela, akafungwa. Iko kweli?" Nilikujibu kwamba mambo ya Serikali yana mapana na marefu yake, na kwamba si kila linenwalo kwenye maji lina msingi. Uliniangalia. Ukaitua ndoo, ukasema, "Sawa, baba." Jioni hiyo mama yako akaniambia kwamba hutaki tena kwenda Bukavu kujifunza kazi ya kuzalisha. Ulimwambia hivi: kama kazi ya kupima watu ndiyo inafanya vile, wewe huitaki. Tangu siku hiyo anayefunga mizigo yako ni yeye, si wewe. Kesho asubuhi lori litapiga honi mbele ya duka, na katika nyumba hii hakuna ajuaye kama utapanda.

Nataka upande. Lakini sitaki upande juu ya uongo wangu. Kwa hiyo nalijibu swali lako sasa, ingawa kwa kuchelewa: ni kweli. Niliandika mimi.

Unajua kwamba sikuwahi kukaa katika darasa. Herufi za Kiarabu nilizipata chuo cha Kurani kwa fimbo. Hizi za Kizungu nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma masanduku ya sabuni niliyokuwa nikiyabeba katika duka la Mgiriki. Neno la kwanza nililolisoma maishani mwangu lilikuwa SAVON, yaani sabuni kwa Kifaransa, nami kwa muda wa miezi miwili nilidhani ndilo jina la mwenye duka, nikawa namsalimu hivyo kwa heshima zote. Mtu aliyejipatia elimu kwa njia hiyo huipenda kupita kiasi. Huivaa hata mahali pasipohitaji nguo. Nilipoanza kuandikia watu maombi yao, mwenye kuzuiliwa shamba, mwenye mume aliyechukuliwa kazini, sikuwa nikisikiliza shida zao kwa makini kama nilivyokuwa nikitafuta sentensi ya kuziweka. Wakati ule watu wa mtaa wetu walitaka bomba la maji kama lile lililopelekwa kwenye nyumba za Wazungu kilimani, kwa sababu watoto walikuwa wakiharisha kwa maji ya ziwa. Nikaandika kurasa tatu. Majibu yalikuja baada ya miezi minne, nami niliwasomea watu wamekaa kimya mbele yangu: barua yenu imeandikwa vizuri. Hapakuwa na neno jingine. Wenzangu walisikitika. Mimi, nakuambia kwa aibu, niliikunja karatasi ile nikaiweka akiba.

Huyo ndiye mtu aliyepewa kalamu mwaka ule.

Ulikuwa na umri wa miaka kumi. Ulikuja msafara wa kupima ugonjwa wa malale, ule unaomlaza mtu usingizi mpaka afe. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alipaswa kupita mezani apapaswe shingo kutafutwa uvimbe, kisha kijitabu chake kigongwe muhuri. Asiyekuwa na muhuri hakuruhusiwa kwenda soko la kijiji kingine wala kupanda mtumbwi wa safari. Aliyeongoza kazi alikuwa munganga Etiene, mtu wa Lubondja aliyesomea uuguzi mbali na kwao. Mpole, mwenye viatu vilivyoshonwa mara nyingi. Alitafuta mtu mwenye hati nzuri ya kumwandikia daftari. Akaonyeshwa mimi.

Daftari lile lilikuwa na safu ya mwisho kwa ajili ya wasiofika. Hapo ilikupasa kuandika neno moja kati ya matatu. Ukiandika "mgonjwa", munganga angemfuata mtu huyo nyumbani kwake. Ukiandika "amesafiri", angengojwa arudi. Ukiandika "amekataa", jina lilipelekwa kwa polisi wa chifu. Nilielezwa hayo yote siku ya kwanza. Siwezi kusema kwamba sikujua.

Tulifika kijiji cha Lweba. Meza iliwekwa barazani kwa chifu, na watu walipanga mstari juani tangu asubuhi. Nami tangu asubuhi nilikuwa nikiwasahihisha. Akisema mtu "batoto bangu", mimi namwambia "watoto wangu". Waliitikia, wakaendelea kusema vilevile. Likafika jina la Mama Ebuela. Akasogea mama mkwe wake, kizee mfupi mwenye kiko.

"Mama Ebuela yuko wapi?" nikauliza.

"Iko mu nyumba."

"Si iko. Yuko."

"Iko, yuko, ni mu nyumba tu." Watu wakacheka. "Amenituma kwako. Anasema: uambie mutoto wa Bi Zaituni, mi siwezi. Ye atasikia."

"Hawezi nini? Hawezi kutembea, hawezi kusimama, au hawezi kutii amri?"

"Hawezi. Ni ile alisema."

"Mama, sentensi yako haijakwisha."

"Sentensi ni ya kwako, karani. Mi nimeleta neno yake." Watu wakacheka tena, na safari hii walinicheka mimi. Akatoa kiko mdomoni, akainama juu ya daftari asiloweza kulisoma. "Andika vile nasema," akasema, "hapana vile unasikia."

Nikaandika: amekataa. Nililiandika kwa hati nzuri.

Sasa nisikilize, Mwavita, kwa maana jambo lenyewe liko hapa. Bi Zaituni ni mama yangu, bibi yako, aliyefariki ukiwa bado unanyonya. Katika nyumba yake, na katika nyumba zote za zamani za huku ufukweni, hakuna aliyesema "fulani ni mgonjwa". Ilionekana ni kukosa adabu, tena ni kama kuuvutia ugonjwa kiti. Tulisema "hawezi", basi. "Bi Zaituni leo hawezi," na kabla ya adhuhuri majirani wamekwisha kuleta uji. Sikuwahi kumsikia mtu akiuliza, hawezi nini. Na Mama Ebuela, kabla ya kuolewa Lweba, alikulia nyumba ya tatu kutoka kwetu, akatwanga mara nyingi katika kinu cha mama yangu. Alijua ni nani aliyekaa mezani. Alilichagua neno lile kwa ajili yangu. Alimtuma kizee aniambie kwa Kiswahili cha nyumbani kwa mama yangu kwamba anaumwa, akawa na hakika kwamba nitaelewa.

Na mimi, niliyekuwa nikiwafundisha watu wa Lweba Kiswahili tangu asubuhi, sikukisikia, kwa sababu kilitoka katika kinywa kinachosema "iko".

Alikuwa amejifungua siku tano kabla, akashikwa na homa ya uzazi. Siku ya tatu baada ya kalamu yangu polisi wa chifu wakaenda kumtoa. Walimtembeza kutoka Lweba hadi huku Baraka, mtoto mgongoni, wakamfungia pamoja na wengine walioitwa wakaidi. Alilala humo siku mbili. Munganga Etiene alipopata habari alikuja kwa baiskeli, akamkuta mama anawaka moto na mtoto hanyonyi tena. Mama alipata dawa, akapona. Mtoto alizikwa huku Baraka, si kwao, kabla hajapewa jina.

Munganga alinijia nyumbani baada ya maziko. Hakupaza sauti. Aliweka daftari juu ya mkeka, akasema, "Karani, unisomee wale umeandika kama bamekatala."

Nikamsomea. Wavuvi wa kambi. Wajane. Watu wa ng'ambo ya mto, ambao ilikuwa siku ya soko lao. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ndugu ya chifu? Siku ile hakupita ku meza. Mi nilimuona ku baraza, anakunywa chai."

Nikatazama. Nilikuwa nimemwandika "amesafiri".

"Alisafiri wapi?" akauliza munganga. "Kutoka kikombe mpaka mudomo?"

Hakuna aliyeniamuru nimwandike hivyo. Hakuna aliyenipa hata sigara. Mkono ulichagua wenyewe: huyu ana baraza, basi amesafiri, huyu ana nyumba ya majani na kizee mwenye kiko, basi amekataa. Nimeandika maombi mengi juu ya dhuluma ya wakubwa, mwanangu, na sikuwahi kujua kwamba dhuluma inaweza kuwa jambo dogo kiasi hicho, la kuingia katika safu moja ya daftari, tena bila mwenyewe kukasirika wala kumchukia mtu. Dawa katika sanduku la munganga ilikuwa ileile kwa watu wote. Iliyowatenganisha ni ile safu ya mwisho.

Munganga Etiene akachukua kalamu yake. Aliyapita majina yale moja moja, akakata "amekataa" palipokuwa si kweli, akaandika sababu yenyewe. Kisha akanisogezea daftari. Alihitaji saini ya mwandishi, ili masahihisho yakubalike.

"Weka saini, karani."

Nikawaza ofisi. Nikawaza nani ataniletea tena maombi ya kuandika, ikijulikana kwamba hati yangu ilisema uongo. Nikasema, "Siwezi."

Munganga alikuwa ameishi na watu wa ufukweni, na neno lile alilijua. Akauliza kwa upole wa kweli, "Unaumwa?"

"Hapana."

"Sawa," akasema. "Basi weye, umekatala."

Akaweka saini yake peke yake. Haukupita muda, akahamishiwa Kilembwe, huko ndani, na ikasemwa kwamba aliharibu karatasi za Serikali. Mimi nilibaki na jina la karani. Hilo kosa la pili halijulikani na mtu ila yeye na mimi, na sasa wewe. Kwangu ndilo zito zaidi, kwa kuwa la kwanza nililifanya kwa majivuno, na majivuno hupofusha. La pili nililifanya macho yakiwa wazi.

Wasafiri watokao Kilembwe hunipa habari zake bila kujua kwamba nazitafuta. Wanasema kabla ya kupima kijiji huuliza kwanza siku ya soko lao ni ipi, kisha huiepuka. Wanasema hakai tena barazani kwa mkubwa. Meza yake hubebwa ikavushwa mto. Na karani wake amekatazwa kuliandika lile neno la tatu mpaka munganga mwenyewe awe ameingia ndani ya nyumba ya huyo mtu. Mzee mmoja alinisimulia hayo akicheka: munganga gani huyu anayetembea na meza kama jogoo wa kuuza? Nikacheka naye. Baadaye sikuweza kula.

Nami nilifanya nini kwa miaka saba? Niliandika. Niliandika barua nne kwa ofisi ya wilaya, nikiomba neno moja lifutwe katika daftari moja, na ninaamini katika maisha yangu sijaandika nyingine zilizopangika kama hizo. Hazikujibiwa. Lakini kwa Mama Ebuela mwenyewe sikwenda. Nilijitetea kwamba hasomi. Ukweli ni kwamba kwake yeye sikuwa na namna ya kufungua maneno. Kila siku ya soko alipita hapa na kapu lake la ndagala, dagaa wa ziwani, akasema, "Jambo, karani," nami nikajibu, "Jambo, mama," tukaishia hapo. Mara ngapi nimekutuma wewe ukanunue ndagala kwake, ili nisiende mimi.

Jana nilikwenda. Swali lako ndilo lililoniamsha, na hasa ile "Sawa, baba". Nilimkuta sokoni amekaa mbele ya kapu, anafukuza nzi. Nikasimama wima, nikaanza, "Mama, nimekuja mbele yako kwa unyenyekevu, kuhusu jambo lililotokea katika..."

"Kaa chini," akasema. "Unanizibia jua na banunuzi."

Nikakaa juu ya jiwe.

"Sasa sema. Sema kama muntu, hapana kama karatasi."

Nikasema, "Nilikosa."

"Eee," akasema. "Ulikosa." Akampimia mteja ndagala, akamtania kwamba mkewe atamfukuza kwa kununua kidogo namna ile, akarudi kwangu. "Miaka saba napita kwako, unaangalia samaki tu. Mi nilikuwa najiuliza, huyu atasema siku gani? Siku ya kunizika?"

Nikamwambia kwamba nimeandika barua nne. Akauliza barua hizo zilisema nini. Nikamweleza. Alizipanga upya ndagala zake.

"Mi sikutaka bafute kitu mu buku ya Leta, ile ya Serikali," akasema. "Nilitaka weye uje ku nyumba, siku ile. Kutoka ku meza mpaka kwangu ilikuwa nyumba kumi tu."

Hakuna sentensi ya kujibu maneno hayo. Nimeitafuta usiku kucha.

Akaniuliza kuhusu wewe. "Ule mutoto wako, yule ananunuaka kwangu, ni kweli anaenda kujifunza kazi ya kuzalisha?" Nikasema, "Ndiyo, lakini sasa hataki, kwa sababu yako na yangu." Akakunja uso. "Asiwe mujinga. Akikatala yeye, nani atashika ile daftari? Weye tena?" Ndipo kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka, si kwa furaha, lakini alicheka. Kisha akaniambia, "Umwambie neno moja. Siku atafika ku nyumba ya mama mugonjwa, asisimame mu mulango. Aingie ndani."

Nimekwisha kulifikisha kama lilivyosemwa. Sikulisahihisha.

Huo ndio ukweli ulioniuliza, Mwavita. Sina busara ya kuongeza juu yake, nami nimechoka. Miaka mingi nilidhani haki ni barua iliyoandikwa vizuri mpaka mkubwa akashindwa kuikataa. Siku hizi naona kwamba mara nyingi haki hupita mikononi mwa watu wadogo kabla haijamfikia mkubwa yeyote: mshika daftari, mshika sindano, mkunga aliyesimama mlangoni akiamua kuingia au kutoingia. Wewe utakuwa mmoja wao. Utavaa nguo nyeupe, na watu watakuogopa kuliko unavyodhani. Watakuambia mambo makubwa kwa maneno mafupi, tena mabovu, na nyuma yako kutakuwa na mtu mwenye haraka anayekuambia andika, andika. Hapo ukumbuke kizee mwenye kiko. Sikuombi uwe kama munganga Etiene, kwa maana nimeona alivyolipwa, na mimi ni baba yako. Lakini usiwe kama mimi. Kati ya munganga na mimi kuna nafasi ya kutosha mtu kusimama, nawe utaitafuta mwenyewe.

Kama utaona kwamba kazi hiyo imenajisika kwa mkono wangu, huna deni la kuifanya. Lakini nilikuwa karani wa wiki tatu tu, na tazama nilichokifanya. Fikiri basi mtu mmoja mwenye kusikia angefanya nini kwa miaka thelathini.

Nimebakiwa na jambo moja ambalo hata mama yako hajaambiwa. Tangu Alhamisi miguu yangu imevimba, na viatu haviingii. Nimekuwa nikikaa na shuka magotini ili msiione, na safari ya jana ya sokoni imezimaliza nguvu zake. Kesho honi ikilia sitakuwapo penye lori. Watu watakuuliza baba yuko wapi, na wengine watataka kusikia kwamba ameona haya, au kwamba amekataa kumuaga mtoto wake. Waambie hawezi. Mama Ebuela huwa amekwisha kufika saa hiyo na kapu lake. Yeye hatauliza hawezi nini.

Barua hii nitaiweka juu ya mizigo yako kabla jua halijatua, uisome kungali na mwanga. Ukiamua kupanda au kutopanda, pita kwangu kwanza. Nitakuwa chumbani, nimelala. Usisimame mlangoni, mwanangu. Ingia ndani.

Baba yako